Ukihamia kwenye pagale nyumba haimaliziki tena: kweli au maneno ya vijiweni?

#1 Mpangaji Mchovu
Wakuu salaam.

Nina pagale langu Chanika. Limeshapauliwa, bati geji 30, ndani hakuna plasta, sakafu ni jamvi tupu, yaani zege la chini bila umaliziaji. Madirisha yana grili bila vioo. Milango ya nje ipo miwili, ya ndani hakuna hata mmoja. Vyumba vitatu, kimoja masta.

Mwenye nyumba wangu hapa Tabata amepandisha kodi na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mke anasema tuhamie kwetu, hiyo hela tuitupie kwenye plasta. Mimi nasita, maana kila ninayemjua aliyehamia kwenye pagale anaishi kwenye pagale mpaka leo. Kuna jamaa pale jirani na kiwanja changu, mtoto wake ameanza darasa la kwanza humo na amemaliza kidato cha nne humo humo, ukuta wa sebule bado unahesabika tofali. Na siyo kwamba hana kitu, gari amenunua.

Kwa nini inakuwa hivi? Nataka sababu, sitaki "jipange mkuu".

#2 Geji 28
Jipange mkuu.

#3 Binti Kinyerezi
😂😂 #2 hana dogo.

Sababu ni baba mwenye nyumba. Ukiwa mpangaji kuna mtu anakugongea mlango kila miezi sita kukukumbusha kwamba huna kwako. Unajinyima, unanunua mifuko mitano ya saruji, unaipeleka saiti na bajaji. Ukishahamia hakuna wa kukugongea. Watu hujenga kwa hasira, na hasira imebaki Tabata.

#4 Mama Pacha
Dada Binti, nakataa. Sisi tulihamia Chamazi kwenye hali kama ya mleta uzi, na hasira tulikuwa nayo ya kutosha. Kilichotushinda ni hesabu. Tulidhani kodi ya nyumba itakuwa hela ya ujenzi. Hatukuiona! Baba Pacha anafanya kazi Posta, nauli ikawa mara mbili, akichelewa anamalizia na boda. Watoto hatukuwahamisha shule, kwa hiyo wakapanda gari la shule. Maji ya kununua kwa madumu mpaka tulipovutiwa bomba. Kijana wa kulala pale usiku, kwa sababu dirisha la jikoni lilikuwa turubai. Ukijumlisha yote unakuta kodi ile ile unailipa, ila sasa unaigawa kwa watu kumi.

Mleta uzi, kabla hujahama kaa na mkeo mpige hesabu ya nauli kwanza, plasta baadaye.

#5 Nyundo Mkononi
Mimi ni fundi ujenzi, niseme upande wetu, maana huu hausemwi.

Fundi hapendi saiti yenye familia ndani. Siyo roho mbaya. Saiti tupu nachanganya udongo sebuleni, napiga chumba baada ya chumba na kijana wangu mmoja. Saiti yenye watu, asubuhi tunaanza kwa kuhamisha kabati. Kitanda kinasogezwa katikati, kinafunikwa turubai. Saa nne mama anataka kupita na ndoo. Mchana mtoto amelala, usigonge. Jioni niache pasafi, wakati saiti tupu naondoka tu. Plasta ya siku mbili inakuwa ya wiki, na bei tuliyopatana ni ile ile. Kwa hiyo nakuja leo, kesho naenda kwingine ambako bosi anasukuma kwa sababu anataka kuhamia mwezi ujao. Wewe umeshahamia, haraka ya nini? Ndivyo tunavyofikiri, tusidanganyane.

#6 Binti Kinyerezi
@Nyundo Mkononi na bado advansi ulishachukua.

#7 Nyundo Mkononi
Hilo tuliache dada 😅

#8 Kijana wa Kitengela
Hamjambo ndugu zangu. Huku kwetu Kenya wengi hawaingii kwa nyumba yenyewe ikiwa haijaisha. Mtu akinunua ploti anaweka nyumba ya mabati kando, chumba kimoja ama viwili, anaishi hapo na bibi na watoto, mawe ya nyumba kubwa yanapanda pole pole. Mabati ni moto mchana na baridi usiku, hakuna mtu anazoea, kwa hivyo unamaliza haraka. Nakubaliana na Binti hapo, lazima kitu kikuchome.

Shida inakuja mkishamaliza. Ile ya mabati haibomolewi. Inapewa mpangaji.

#9 Geji 28
Bongo nayo ipo hiyo, wanaanza na nyumba ya uani. Mjomba wangu Kibaha alijenga ya uani vyumba viwili na choo "kwa muda", akaipiga marumaru, dari la jipsamu, kila kitu. Nyumba kubwa imeishia kwenye lenta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), ndani kuna mipapai imeshazaa. Ukimuuliza anasema anasubiri bei ya nondo ishuke.

#10 Mzee wa Msingi
Vijana, mnaongea kana kwamba kuhamia kabla ya kumaliza ni ugonjwa mpya wa Dar. Mimi nimezaliwa Pangani. Nyumba ya miti na udongo ilisimamishwa nguzo, zikafungwa fito, ikaezekwa makuti, halafu ndiyo udongo ukakandikwa. Mwenye haraka alihamia paa likishakaa na chumba kimoja kikishakandikwa. Kutomea, kupiga chokaa, kuweka baraza nje, hayo yaliendelea mtu yumo ndani, mwaka huu upande huu, mwaka kesho upande ule. Kijana akioa kinaongezwa chumba. Hakuna aliyeuliza "umemaliza lini?" kwa sababu hapakuwa na kumaliza.

Mlichobadilisha ni vifaa. Udongo uliweza kukandika mwenyewe na ndugu zako Jumapili, mkala wali mkamaliza. Saruji, marumaru na aluminiamu vyote ni vya kununua na vina fundi wake. Nyumba ya madukani mnataka kuiishi kwa taratibu za nyumba ya udongo, ndiyo maana inawakwamia.

#11 Mama Pacha
Shikamoo mzee. Hii sikuwahi kuiwaza.

#12 Abuu Salha
Assalaam alaikum. Niongeze jambo ambalo wengine watacheka. Watu wanahamia pagale usiku, kimya kimya, kwa sababu wanaona aibu. Hawasomi dua, hawaiti majirani, hata uji wa watoto wa mtaani hawapiki. Zamani nyumba haikulaliwa kabla ya kisomo, na wengine waliizindika. Siku hizi unaingiza godoro tu. Halafu unashangaa kila ukishika hela ya plasta mtoto anaugua.

#13 Geji 28
@Abuu Salha mtoto anaugua kwa sababu analala na vumbi la saruji sheikh wangu, tusiwasingizie majirani.

#14 Abuu Salha
Sijamtaja jirani. Nimesema dua. Vumbi lipo na dua ipo.

#15 Nesi wa Zamu
Kwa hili la vumbi acheni utani kidogo. Saruji ikiwa vumbi inakera njia ya hewa. Mwenye pumu ndani ya nyumba inayopigwa plasta na kukatwa marumaru atapata tabu, hilo halina mjadala. Ikishachanganywa na maji inachoma ngozi, mtoto akichezea udongo wa plasta mnawishe kwa maji mengi hapo hapo.

Ninaloliogopa zaidi ni mkaa. Mtu ameziba madirisha yote kwa viroba na turubai, mvua inanyesha, anaingiza jiko la mkaa ndani apikie au apate joto. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, unasinzia tu. Kama madirisha yako yamezibwa, jiko libaki nje au kwenye chumba kilicho wazi pande mbili. Na usiku lisiingie chumba cha kulala hata kama limefifia.

#16 Mpangaji Mchovu
Asante Nesi, hili sikulifikiria kabisa. Wa mwisho wetu ana kifua.

Sababu zinazidi kuwa nyingi wakuu, endeleeni. Mke anausoma huu uzi pia, kwa hiyo chungeni maneno.

#17 Binti Kinyerezi
Shemeji yetu karibu! Usikubali kuhamia bila mlango wa choo 😂

#18 Muscat Kwetu
Nawasalimu kutoka Oman. Mimi nalia na upande wa pili. Nimejenga Fuoni, Unguja, natuma fedha kidogo kidogo. Nyumba ilipofika kwenye paa nikamwambia binamu yangu akae humo asije mtu akang'oa mbao na bati. Chumba kimoja tu, mpaka nirudi. Sasa amemleta mke, wamezaliwa watoto, ameongeza jiko uani kwa matofali yangu. Kila nikituma fedha ya dari naambiwa imeingia kwenye shimo la choo, na shimo lenyewe sijui lina urefu gani maana miaka inapita haliishi. Nikisema nataka kupangisha, mama mkubwa ananipigia simu analia.

Kwa hiyo nyumba inaishiwa na haimalizwi, na mimi mwenyewe sijawahi kulala humo hata usiku mmoja.

#19 Wakili wa Kijiweni
@Muscat Kwetu pole. Wengi watakutisha kwamba "akikaa miaka 12 nyumba yake". Kwa Tanzania Bara, miaka 12 ni ukomo wa kufungua shauri la kudai ardhi, kwa Sheria ya Ukomo. Haimaanishi kila aliyelala humo miaka hiyo ni mmiliki. Mahakama zimeshasema mara nyingi kwamba aliyeingia kwa ruhusa ya mwenyewe, mwalikwa, hawezi kugeuka akadai umiliki kwa kukaa muda mrefu. Ila lazima ruhusa hiyo ionekane. Mwandikishe hata karatasi ya ukurasa mmoja, mashahidi wawili, kwamba anakaa kwa idhini yako kama mwangalizi. Zanzibar ina sheria zake, tafuta wakili wa huko.

#20 Kijana wa Kitengela
Kenya pia ni miaka 12. Na binamu ni binamu tu, hata huku.

#21 Muscat Kwetu
Shukran. Karatasi nikimpelekea, nitaambiwa ughaibuni umenibadilisha roho.

#22 Chuma cha Pua
Mleta uzi hamia tu, kuunganishiwa umeme siku hizi ni 27,000, unawasha taa maisha yanaenda. Mnatishana bure.

#23 Geji 28
@Chuma cha Pua wewe upo mwaka gani? 27,000 ni ya vijijini. Mjini ilirudi 320,960 tangu Januari 2022, na hiyo ni kwa nyumba iliyo karibu na nguzo, ndani ya mita 30. Ukihitaji nguzo inapanda. Kabla ya kulipa, waya ziwe zimeshafungwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, siyo yule kijana wa mtaani anayetengeneza redio.

#24 Chuma cha Pua
Kwetu nimelipa 27,000 na risiti ninayo.

#25 Geji 28
Kwenu wapi?

#26 Chuma cha Pua
Mkuranga ndani ndani.

#27 Geji 28
Haya sasa 😂

#28 Mama Pacha
Msisahau na kodi ya jengo, ukishafungiwa mita inakatwa humo humo kwenye LUKU. Buku kwa mwezi.

#29 Wakili wa Kijiweni
Ilikuwa buku ilipoanza Agosti 2021. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, na ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu kwa mji na manispaa. Kwa hiyo anayeota kuongeza ghorofa aiweke na hiyo kwenye hesabu.

#30 Binti Kinyerezi
Ghorofa! Kuna mzee mtaani kwetu ameacha nondo zimetokeza juu ya nguzo zote "kwa ajili ya ghorofa". Zimeota kutu mpaka zimeacha michirizi ya kahawia ukutani. Mkewe anafungia kamba ya kuanikia nguo. Ukipita Jumamosi unaona mashuka ya familia nzima yanapepea huko juu.

#31 Nyundo Mkononi
Nondo zikiachwa hivyo ni hasara, zipakwe saruji ya maji au zifunikwe na zege jepesi litakalobomolewa. Kutu ikishakula, ghorofa likija fundi mwenye akili atakwambia hizo hazifai.

Halafu mleta uzi, jibu hili: ulipopaua, ulipitisha paipu za umeme kwenye kuta?

#32 Mpangaji Mchovu
Hapana mkuu. Zipo zile za chini tu, za choo cha masta.

#33 Nyundo Mkononi
Basi sikiliza. Mapagale mengi yanasimama hapo, siyo kwa ajili ya mwenye nyumba wala dua. Watu wanahamia, wanapata vijisenti, wanapiga plasta sebule kwa sababu ndipo wageni wanapokaa. Inapendeza. Baadaye wanapata za umeme. Fundi umeme anakuja na tindo, anachimba mifereji kwenye plasta ile ile mpya. Kisha fundi bomba naye anachimba. Ukuta unabaki na makovu, unaziba kwa viraka, rangi haikai vizuri, unakata tamaa. Nimekuta nyumba imepigwa plasta mara tatu.

Ungeniuliza mimi, ningesema: paipu za umeme na maji kuta zote, hata kama waya utavuta mwaka kesho. Kisha plasta ya masta na choo chake. Mlango wenye kitasa wa masta. Vioo vya masta. Mnaingia humo wote, kingine chochote kinabaki pagale mpaka zamu yake. Usitawanye hela vyumba vyote kidogo kidogo.

#34 Umeme Sio Maji
Nakazia #33, mimi ndiye mwenye tindo anayesemwa. Na tafadhali usivute waya kutoka kwa jirani ukaupitisha dirishani juu ya grili. Grili ni chuma, waya unakwaruzwa kila upepo ukivuma, ganda linaisha. Siku ya mvua mtoto anashika grili.

#35 Mama Pacha
Na mimi nakazia, ila masta mnaingia wote mpaka lini? Watoto wangu walikuwa wakubwa. Ngoja niwape kisa.

Nyumba isiyo na dari ndugu zangu, kuta za vyumba zinaishia kwenye lenta, juu yake ni mbao na bati. Yaani mna vyumba vinne na paa moja, sauti inapita juu kama mko ukumbini. Tulikuwa tukinong'ona na Baba Pacha kuhusu ada, kesho yake pacha mmoja ananiuliza, "Mama, kwani ada yetu imekosekana?" Wifi yangu alipokuja kutembea akawa anakoroma chumba cha mwisho, nyumba nzima macho. Hayo mengine ya mume na mke sisemi.

#36 Binti Kinyerezi
Yaseme tu mama 😂😂😂

#37 Mama Pacha
Nyamaza mtoto wewe. Ninachosema ni hiki: tulipopata hela, Baba Pacha alitaka vioo vya aluminiamu sebuleni. Nilimwambia dari kwanza. Tukaweka fishabodi ya bei nafuu, vyumba vya kulala tu. Mpaka leo sebule haina dari, wageni wakija wanaangalia juu. Waangalie.

#38 Mzee wa Msingi
Umefanya vyema mwanangu. Na bati bila dari alfajiri linatoa jasho, mnadondokewa mkadhani paa linavuja.

#39 Chuma cha Pua
Ndiyo maana nyumba za kuficha bati ni nzuri, hazina hayo.

#40 Geji 28
@Chuma cha Pua leo umeamka vibaya. Za kuficha bati ndizo zinazovuja kuliko zote, maji yote yanaishia kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta, majani yakiziba yanaingia ndani. Anayehamia pagale la kuficha bati masika ya Machi mpaka Mei aje atuambie.

Na mleta uzi, geji 30 ni nyembamba kuliko 28. Kadiri namba inavyopanda bati linapungua unene. Nasema kwa sababu kuna watu wanajisifu wamepiga 32.

#41 Mke wa Mpangaji
Habari zenu. Mimi ndiye mke. Nimesoma yote. Nauli nimepiga kama alivyosema Mama Pacha, kwetu inashuka, siyo kupanda, kwa sababu mimi nauza mitumba Gongo la Mboto na yeye yuko Pugu Road viwandani. Tabata ndiyo inatuongezea nauli. Kwa hiyo hiyo hoja haituhusu.

Swali langu ni jingine. Kuta za nje upande wa jikoni zimeanza kutoa kitu cheupe kama unga, nikikifuta kinarudi. Nimeambiwa ni chumvi. Plasta itashika hapo?

#42 Geji 28
Karibu shemeji! Mkuu, umeoa mtu wa maana kuliko wewe.

Hiyo ni chumvi kweli. Mchanga. Mliletewa mchanga wenye chumvi, lori zinachota popote.

#43 Nyundo Mkononi
Siyo lazima mchanga. Chanika ni mbali na bahari. Mimi nashuku maji, visima vingi vya Dar vina chumvi. Mlifyatulia tofali kwa maji ya wapi?

#44 Mke wa Mpangaji
Kisima cha jirani. Watu hawayanywi, wanafulia tu.

#45 Mzee wa Msingi
Na chini je? Mliweka nailoni chini ya jamvi, na ile ya kuzuia unyevu juu ya msingi kabla ya kuanza ukuta? Kama haipo, ukuta unanyonya maji ardhini na kupandisha chumvi ya udongo. Maji yakikauka chumvi inabaki nje. Ingekuwa maji ya kisima peke yake ingetoka kuta zote, siyo upande wa jikoni tu.

#46 Nyundo Mkononi
Mzee, upande wa jikoni inawezekana tofali ni za mzigo mwingine. Watu hununua tofali kwa mafungu. Nimekuta ukuta mmoja una rangi tatu.

#47 Mama Pacha
Au ni pale mnapomwaga maji ya vyombo! Kwetu ilikuwa hivyo, tulipochimba kamfereji ikapungua.

#48 Mpangaji Mchovu
Hatujahamia mama, nani anaosha vyombo?

#49 Mke wa Mpangaji
Kijana anayelinda anaosha hapo hapo. Wewe huendi saiti mara nyingi, utajuaje.

#50 Binti Kinyerezi
Nimekaa paleee 🍿

#51 Nyundo Mkononi
Shemeji, vyovyote iwavyo: isugue kwa brashi kavu, usimwagie maji, acha ukuta ukauke, angalia kama inarudi kwa wingi ule ule. Ikirudi usipige plasta upande huo bado. Anza masta. Ukipiga plasta kaimwagilie maji wiki nzima, asubuhi na jioni, wengi wanahamia kesho yake na kuiacha inakauka na jua, inapasuka mistari kama ramani. Na rangi isubiri plasta ikauke kabisa.

#52 Kijana wa Kitengela
Lakini bado hakuna mtu amejibu swali la kwanza. Yule jirani ana gari. Pesa anayo, fundi atapata, umeme ako nao nadhani. Kwa nini hamalizi?

#53 Geji 28
Nyumba kubwa kuliko mfuko. Watu wanachora vyumba vinne, sebule ya kuchezea mpira, stoo, maktaba ya mtu asiyesoma. Boma linajengeka kwa sababu tofali na saruji ni bei rahisi ukilinganisha na yanayofuata. Umaliziaji unaweza kula hela kama ya boma lote au zaidi, hakuna aliyewaambia.

#54 Binti Kinyerezi
Au hataki kumaliza. Nyumba ikiisha ndugu watakuja kukaa. Pagale halina mgeni.

#55 Abuu Salha
Au amezoea. Macho yakizoea tofali hayazioni tena.

#56 Mama Pacha
Au mke wake hajasema "dari kwanza".

#57 Mpangaji Mchovu
Nimemuuliza jana mwenyewe, nilipita saiti (nimeanza kwenda). Nikamwambia jirani, mbona hujapiga plasta? Akanijibu, "Plasta ya nini, mvua inaingia?"

#58 Geji 28
😂😂😂 huyo ana hoja.

#59 Mke wa Mpangaji
Tumeshakubaliana, tunahama kodi ikiisha. Masta na choo kwanza kama fundi alivyosema. Sasa choo: shimo limeshachimbwa, halijajengewa. Kile kisima cha jirani kipo upande wa chini yake, na mimi nikipima kwa hatua naona ni kama 25. Inafaa?

#60 Nyundo Mkononi
Tunachimbaga futi 50 kutoka kwenye kisima, hatua 25 zinatosha.

#61 Nesi wa Zamu
Futi 50 ni mita 15 tu fundi. Mwongozo wa afya ninaoujua mimi ni angalau mita 30, na shimo lisiwe upande wa juu wa kisima. Hilo lenu liko juu yake. Hata kama kisima ni cha kufulia, kuna siku maji ya bomba yatakatika na mtu atayanywa.

#62 Nyundo Mkononi
Viwanja vya mita 20 kwa 20 hizo 30 utazipata wapi, Nesi? Utachimba kwa jirani?

#63 Mke wa Mpangaji
Fundi, upande wa barabarani kuna nafasi. Ukilifukia lile na kuchimba jipya ni bei gani? Njoo inboksi, ila namba ya mume wangu usiitumie.